Nilipata 5 kati ya 15 kwenye tesiti ya Jiografia, na nilistahili

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza mkiwa na Jiografia, hasa ninyi wa ualimu, maana mimi nimeshamaliza na GPA yangu ishalala usingizi, sina cha kuficha. Kuna kozi ya utangulizi ambayo kila chuo kinaiita jina lake lakini ndani ni kitu kilekile, changamoto za mazingira na jamii duniani: tabianchi, maji, chakula, idadi ya watu, miji, taka, umaskini. Mimi fomu siksi nilikuwa na B ya Jiografia, nikaiona ile kozi kwenye taimetebo nikacheka, nikasema hii ndo ya kupumzikia.

Ilinitoa jasho kuliko zote za mwaka ule.

Tulianza Novemba 2022. Mwezi naukumbuka kwa sababu kipindi cha kwanza kabisa lekchara aliingia akaandika ubaoni 8,000,000,000, akasema tarehe 15 mwezi huu Umoja wa Mataifa wametangaza dunia imefika hapo. Pembeni akaandika 61,741,120, hao ni sisi, matokeo ya sensa yalikuwa ndo yametoka wiki chache nyuma. Akauliza, kati ya hizi namba mbili ipi ni tatizo? Ukumbi mzima tukaitikia "zoteee" kama darasa la tatu. Akatabasamu akaendelea na mambo yake. Kumbe mtego, na aliuacha wazi wiki tano nzima.

Sasa kosa langu la kwanza lilikuwa desa, yaani noti za kopi za watu wengine. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lilipotoka tu nikaenda stesheneri ya nje ya geti nikanunua desa la kozi nzima kwa elfu nane, limepigwa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimechoka. Nikajipa moyo, watu wote si ndo wanasomea hili? Vipindi nikawa naingia siku ya kusaini tu. Desa lilikuwa linasema watu duniani ni bilioni 6.8, na mimi niliyeona kwa macho yangu bilioni nane ubaoni nikakariri bilioni 6.8 bila hata kushtuka. Hebu fikiria. Na sikuwa peke yangu, siku ya kurudishiwa tesiti lekchara alisema amehesabu karatasi 43 zenye bilioni 6.8, akatuuliza hawa wengine zaidi ya bilioni moja mmewazika wapi.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: Bahari ya Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, eleza ilikaukaje na nani alifaidika. Mimi nikashusha yale mafiga matatu yetu ya sekondari, mnayajua, ukataji wa miti ovyo, ongezeko la watu, na ukosefu wa elimu. Haya mafiga unapikia swali lolote, ukiulizwa jangwa unayaweka, ukiulizwa mafuriko unayaweka, ukiulizwa njaa unayaweka na fomu foo ulikuwa unapata maksi. Nikajaza kurasa mbili, mwandiko mzuri, nikatoka nimeridhika kabisa. Ikarudi 5/15, na kwa wino mwekundu pale kwenye figa la kwanza ameandika: "Msitu gani ulikuwa Aral?"

Nililia chooni, sisemi uongo. Si kwa sababu ya maksi peke yake. Kosiweki yetu, maksi za kabla ya mtihani wa mwisho, ilikuwa 40, na chuoni kwetu usipofika 16 hugusi UE, yaani huo mtihani wa mwisho, unajikuta unakeri kozi, unairudia mwaka wa pili huku wenzako wanakupita. Nikaanza kupiga hesabu za kudisko, yaani kuondolewa chuo, wakati hata Krismasi haijafika. Nikamwambia mama kwa simu kuwa mambo yanaenda vizuri, hilo nalo nimeliweka kwenye orodha ya makosa.

Kitu cha akili nilichofanya mwaka ule mzima ni kwenda ofisini kwa lekchara. Wengi tunaogopa, tunadhani ni kwenda kulamba viatu. Alinisikiliza akaniambia binti, umenijibu swali la mtihani wa mtu mwingine. Akanipa atlasi, akasema kaitafute Aral halafu uniambie umeona nini. Nikakaa nayo maktaba mchana kutwa. Kwanza nikagundua sikuwa hata najua iko wapi, ipo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, katikati ya ukame, hakuna bahari jirani, inategemea mito miwili tu, Amu Darya na Syr Darya. Halafu nikaona ukubwa: mwaka 1960 ilikuwa kama kilomita za mraba 68,000. Nikafungua ukurasa wetu nikatafuta Ziwa Victoria, kilomita za mraba 68,800. Aisee nilishtuka. Miaka yote nimesikia "ziwa limekauka" nikawa nawaza bwawa la ng'ombe, kumbe ni sawa na useme Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu na Entebbe wote waamke wakute mchanga.

Na haikukauka kwa ukame wala miti. Kuanzia miaka ya 1960 Wasovieti waliichepusha ile mito kwa mifereji ili wamwagilie mashamba ya pamba jangwani, tena mifereji mingi ilikuwa ya udongo mtupu, maji yanapotea njiani. Pamba ikapatikana kweli, kwa wingi. Waliolipa ni wavuvi wa Moynaq, mji uliokuwa bandari, leo meli zimelala juu ya mchanga zinaota kutu na maji hata hayaonekani, na upepo ukivuma unainua vumbi la chumvi na madawa ya mashambani linaingia vifuani mwa watu. Ndo maana swali lilikuwa na kipande cha pili, nani alifaidika. Mimi kile kipande nilikuwa hata sijakigusa.

Kuna rafiki yangu anatoka Bariadi, kwao wamelima pamba tangu babu. Nilipomsimulia akakasirika, akasema kwa hiyo pamba ndo shetani? Sisi Simiyu tunalima kwa mvua ya Mungu, hatujakausha ziwa la mtu. Na ni kweli. Zao ni lilelile, kilichotofautiana ni nani aliamua lilimwe wapi na kwa maji gani. Tulibishana usiku ule mpaka mlinzi akatufukuza kibarazani, na nikwambie ukweli ule ubishi ulinifundisha kuliko desa la elfu nane. Kwa hiyo pointi ya kwanza mkitaka kuichukua: tafuta mtu wa kubishana naye anayetoka mahali tofauti na kwenu. Mwingine wa Ukerewe ndo alitufungua macho kuhusu sangara, alivyopandikizwa ziwani na wakoloni miaka ya 1950, akaja kulipuka miaka ya 80 akawamaliza furu, yale masamaki madogo ya aina mamia kwa mamia, halafu minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na huku wanabaki na mapanki, ile mifupa na vichwa. Alisema yeye amekula mapanki utoto wake wote akidhani sangara kaumbwa bila nyama. Tulicheka lakini kwa kweli haichekeshi.

Wiki ya tano mtego ukafyatuka. Semina ilikuwa juu ya idadi ya watu, tukaletewa Malthus, msomi Mwingereza wa 1798, na hoja yake kwamba watu wanaongezeka kwa kasi kuliko chakula, na kaka mmoja wa mbele akasimama kwa kujiamini akasema Waafrika tunazaa sana ndo maana dunia inapata joto. Makofi. Lekchara akasema sawa, toeni kalikuleta. Mtanzania mmoja, kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, anatoa kama tani 0.2 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mmarekani mmoja anatoa kama 14 hivi. Zidisheni. Tukazidisha, tukapata kwamba sisi wote milioni 61 tukijumlishwa, na mabodaboda yetu na majenereta, tunatoa sawa na Wamarekani wasiofika hata milioni moja. Ukumbi ukawa kimya. Akarudi kwenye zile namba mbili za siku ya kwanza, akauliza tena ipi ni tatizo, safari hii hakuna aliyeitikia.

Ila msije mkaondoka na hilo mkadhani basi sisi malaika. Akatugeuzia kibao palepale, akauliza nani hapa kwao wanapikia mkaa, mikono karibu yote. Hilo la mkaa na misitu ya Pwani na Morogoro ni letu. Ndo nikaelewa neno alilokuwa analirudia hadi linakera, skeli. Kitu kinaweza kuwa kweli kwa skeli ya wilaya kikawa uongo kwa skeli ya dunia. Mkijibu swali, kabla ya kuandika chochote, pigeni kwanza mstari chini ya mahali na mwaka. Na kila namba muipe mwaka wake, namba isiyo na mwaka ndo ile bilioni 6.8.

Katikati ya semista nikachoka vibaya. Hili hakuna aliyeniambia mapema. Kila wiki msiba mpya: barafu ya Kilimanjaro imepotea zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, wiki ijayo plastiki, wiki ijayo njaa, wakimbizi. Nikawa silali, nafungua simu saa nane usiku naangalia video za mafuriko ya nchi za watu mpaka bando linakata. Rumeti wangu akaniambia wewe hiyo kozi itakuua, soma upite. Kilichonirudisha ni vitu vidogo, kwamba ile tabaka ya ozoni watu walikaa 1987 Montreal wakakubaliana na inapona kweli, kwamba upande wa kaskazini wa Aral Wakazakh walijenga bwawa la Kok-Aral likakamilika 2005, maji yakapanda na samaki wakarudi, si bahari yote lakini wakarudi. Na hata mifuko ya rambo, mimi mwenyewe nilikuwepo Juni mosi 2019 ilipopigwa marufuku na mitaro ya mtaani kwetu ilipumua. Baadaye zikaingia zile nailoni nyepesi za kufungia nyanya zisizo na mshikio, sawa, naona mnanijia juu. Nimesema ilipumua, sijasema ilipona.

Sasa grupu asaimenti. Maksi 15, watu kumi, na kama kawaida wanaofanya ni watatu. Mada tuliyopewa: changamoto moja ya mazingira na jamii ndani ya Dar. Grupu likachagua bonde la Msimbazi kwa sababu ni karibu na nauli ni ndogo. Mimi nikanyamaza. Nimezaliwa lile bonde. Nimekulia Kigogo, bondeni kabisa, na chuoni sikuwa nimemwambia mtu, nilikuwa nasema tu "naishi Ilala kule".

Tulifanya ujinga mwingi. Safari ya kwanza tulienda bila barua ya utambulisho, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuuliza mmetumwa na nani, tukaanza kujiumauma, akaturudisha. Nauli ya watu saba imekwenda hivyo. Jamani barua inaombwa idarani, inachukua siku tatu nne, iombeni mapema na mtoe kopi nyingi maana kila mtaa utabakiza moja. Safari ya pili kuna mwenzetu akaanza kupiga picha nyumba za watu bila kuomba, dada mmoja akatoka na maji ya kuoshea vyombo, nusura yatupate, na alikuwa na haki yake. Mchango wa kila mtu ulikuwa elfu kumi na tano kwa ajili ya nauli, kuprinti na kubaindi, waliotoa ni sita. Wengine wanne majina yao yapo kwenye kava na maksi walipata zilezile. Hilo bado linanikaa kooni. Kama ningerudi nyuma ningeandika ukurasa wa mwisho nani alifanya sehemu gani na kila mtu aweke saini yake.

Tukamkuta mzee mmoja amekaa mbele ya nyumba ambayo ukutani ina alama ya mstari wa maji, iko juu ya dirisha. Tukamsalimia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, akatukaribisha ndoo tukalie. Kabla hatujamuuliza yeye akatuuliza, mwaka jana walikuja wengine na madaftari kama hayo, majibu huwa mnapeleka wapi? Hatukuwa na jibu. Kaka wa grupu letu akasoma swali lake la kwanza kama lilivyo, kwa nini wakazi mnaendelea kuishi eneo hatarishi. Mzee akahesabu kwa vidole: chumba hapa elfu thelathini, Kariakoo naenda kwa mguu saa kumi alfajiri napakua mizigo, mchana narudi. Huko juu chumba elfu sabini na nauli kwenda na kurudi. "Sasa mwanangu, hapa mafuriko yananikuta mara moja kwa mwaka. Huko juu yangu yatakuwa ya kila mwezi."

Usiku huo yule kaka akatuma wasapu kipande chake cha ripoti. Kimeanza: wakazi wa bondeni ni wakaidi na hawana elimu ya mazingira. Mafiga matatu yaleyale, na mzee katajwa kama ushahidi wa ukaidi!

Nilikaa na simu kama saa nzima. Halafu nikaandika mesji ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika kwenye grupu. Nikawaambia mimi natoka pale. Desemba 2011 nilikuwa na miaka tisa, mvua ilianza tarehe 20 ikapiga siku tatu, watu zaidi ya 40 walikufa Dar, sisi tulikaa juu ya bati la jirani na mama akiwa amemfunga mdogo wangu mgongoni kwa khanga mbili. Baada ya pale mwenye nyumba wetu alipelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Dar, akapewa kiwanja, sisi tulikuwa wapangaji, tukajitafutia. Na yeye mwenyewe baada ya muda alirudi kupanga mjini kwa sababu alikuwa fundi viatu, na Mabwepande ya wakati ule wa kumpelekea viatu walikuwa wangapi? Mnajua nilichokuwa naogopa, kwamba wataniangalia tofauti. Mmoja tu ndo aliyeniangalia tofauti, wengine walianza kuniuliza maswali, na maswali yalikuwa mazuri kuliko dodoso letu lote.

Ripoti tukaiandika upya. Tulianzia juu kabisa, milima ya Pugu mto unakoanzia, tukateremka nao, uchimbaji wa mchanga kwenye kingo, taka zinazotupwa mtoni na watu wasiopitiwa na gari la taka, mapaa na lami zinazokataza maji kuzama ardhini, mchanga unaojaza mto mpaka unakuwa hauna kina, mpaka daraja la Salenda unapomwagikia baharini. Tukaandika kwamba si maskini tu aliyejenga pale, karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo iliwekwa Jangwani palepale na imezama zaidi ya mara moja, sasa hao waliochora ramani nao tuseme hawana elimu? Tukaandika kwamba mwaka uleule wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde, na tukaweka swali la mpangaji: mwenye nyumba akilipwa fidia, aliyepanga chumba anapata nini? Tulipata 12 kati ya 15. Lekchara alikata maksi kwenye ramani, akaandika tu "mishale haitoshi", hatukuelewa anamaanisha nini.

UE nilikwenda na karatasi moja ya noti zangu mwenyewe, desa nilikuwa nimeshampa mama muuza karanga afungie. Nikamaliza kozi na B, plein, bila plasi, na kwa mtu aliyeanza na tano kwa kumi na tano mimi nilishangilia kama nimepata A.

Ripoti nilibaki na kopi moja nikampelekea mama. Anasoma taratibu, miwani yake ina mguu mmoja kwa hiyo anaishikilia kwa mkono. Akafika kwenye ramani, akaiangalia muda mrefu, akaweka kidole. Hapa mmekosea, akasema. Maji ya mwaka ule kwetu hayakuanzia mtoni. Yalianzia nyuma, kwenye mtaro wa barabara uliokuwa umeziba, yakatujia mgongoni tukiwa tunaangalia mto, mto wenyewe ulikuja baadaye.

Nilimuuliza mbona hukuwahi kusema. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza yalitokea wapi, wote huuliza yalifika wapi. Ramani yetu mpaka leo ina mshale mmoja tu, na unatoka mtoni.